Hizo Sahani Mbili ni za Nani?

Mimi si DJ. Nimeishia kidato cha nne, naandika riwaya ambayo haijaisha, na usiku nikikosa usingizi hapa Area D nasikiliza sherehe za watu wengine. Lakini kuna jambo limenikaa kooni tangu siku ile kijiweni, washikaji wangu wanaojiona wajuzi wa muziki waliposema eti anayepiga singeli kwa vitufe vya kompyuta si DJ, anachezea kompyuta tu. DJ wa kweli lazima awe na kontrola yenye sahani mbili za kuzungusha!

Haya, tuulizane. Sahani hizo zimetoka wapi? Ni urithi wa vijana wa Bronx, New York, waliokuwa wakikwangua santuri miaka ya 1970. Mashine iliyotamba kwa kazi hiyo, Technics SL-1200MK2 ya mwaka 1979, ilikuwa na kitelezi cha kuongeza au kupunguza kasi kwa asilimia 8. Kwao ilitosha kabisa: wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unafika 108, unaungana na mwenzake, watu wanacheza. Kontrola ya leo haina santuri yoyote juu yake, lakini umbo ni lile lile.

Sasa lete singeli. Vijana wa Manzese na Tandale walichukua vipande vya taarab, wakavikimbiza mpaka mapigo 200 na zaidi, wakavirudiarudia huku MC anamwaga maneno. Asilimia 8 itamsaidia nini? Utaniambia kitelezi kinaweza kupanuliwa mpaka asilimia 100. Sawa, piga hesabu. Kitelezi cha sentimita 10, kutoka hasi 100 mpaka chanya 100, kila milimita ni asilimia 2. Kwa taarab ya mapigo 110, kidole kikiteleza milimita moja tu umepotea mapigo mawili na ushee. Kwenye kile cha asilimia 8, kosa hilo hilo halifiki hata robo ya pigo. Ndiyo maana jamaa wanakimbilia vitufe. We unaita ushamba? Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilitoa Sounds of Sisso, kazi za studio ya Sisso ya Dar es Salaam, na watu wa Ulaya wakazisikiliza bila kuuliza sahani ziko wapi.

Mimi ningeanza na mpigaji, mashine ifuate. Wa singeli ng'oa sahani, mpe vitufe vikubwa vinavyovumilia kupigwa, kasi iandikwe kwa tarakimu, na maiki mbili zinazoingia ndani ya programu, maana MC ni nusu ya kazi. Wale wanaotafsiri filamu, kazi aliyojulikana nayo Lufufu, nao tunawaita ma-DJ: wao wanahitaji sauti ya filamu ishuke yenyewe wanapofungua mdomo.

Na kwetu Ugogoni je? Programu nyingi huhesabu nne nne, tena kwa mwendo usiobadilika. Nenda kawasikilize akina mama wakipiga muheme, halafu uniambie nne iko wapi. DJ wa harusi hapa Dodoma anapokezana na ngoma kama hizo. Anahitaji kigozi cha kugonga kwa kiganja, muziki umfuate yeye. Halafu vumbi! Vitelezi vinavyosuguana ndani havina maisha marefu kiangazi cha huku. Vya sumaku visivyogusana vipo, lakini havifungwi kwenye mashine za bei yetu.

Watasema soko letu dogo, tubane na kilichopo kama wazee wa mchiriku na vinanda vyao vidogo vya Casio. Wazee wale nawapa heko, tena kubwa. Ila sioni kwa nini mjukuu naye aanze kwa kubana. (Nanyi mnaoandika hadithi zenye theluji hali hamjawahi kuiona, msicheke, mnajijua.)

Mashine yangu nimeichora nyuma ya ukurasa wa 41 wa riwaya. Fundi redio mwenye moyo aje tuijaribu, sanduku la mbao ninalo. Hela ndiyo sina.