Nawa Kabla ya Kumshika Mgonjwa

Mwaka 2011 mgonjwa mmoja aliingia hospitali kubwa ya serikali huko Bethesda, Marekani, akiwa na vijidudu visivyosikia dawa nyingi. Walivipata wagonjwa 18 kwa jumla, 6 vikawaua. Vilionekana hata ndani ya mabomba ya masinki. Vilizuiwaje? Waliovipata walitengwa, ukuta ukajengwa, na watu wakawekwa kuangalia kama kila mganga na muuguzi ananawa mikono.

Basi, uendapo kumtazama mgonjwa, nawa kwanza. Utokapo, nawa tena. Usikalie kitanda chake, wala usiguse kidonda. Na dawa upewayo imalize kama ulivyoagizwa, usimgawie jirani. Kumtazama mgonjwa ni wema mkubwa. Usimpelekee ugonjwa wa pili.