Udongo Uwahi Ungali Maji

Nilifundisha walimu miaka mingi, na neno moja laniudhi: "Mama, mlete akifikisha miaka 7." Saba! Mtoto kiziwi asiyefundishwa lugha ya alama hadi umri huo amekwisha kunyang'anywa miaka ambayo lugha huota. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa haki ya elimu katika umri wowote. Chuo cha Patandi, hapa hapa chini ya Mlima Meru, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Nayo kliniki humpima uzito tangu azaliwe hadi miaka 5. Basi, ndugu msomaji, Serikali isiseme haimjui! Muuguzi anayeandika kilo zake na aandike pia kwamba hasikii, kisha mwalimu amfuate nyumbani.