Mwami Hakutawala Peke Yake
Wanafunzi wenzangu, sote twajua kwamba mwaka 1215 mabwana wakubwa wa Uingereza walimlazimisha Mfalme John kuikubali Magna Carta. Je, nani kati yetu aweza kueleza utawala wa Heru hapa Kasulu, au wa Muhambwe kule Kibondo? Katika Buha, Mwami alitawala kwa msaada wa watwale, lakini kazi ya kugawa ardhi ilikuwa ya wateko. Basi hata kwetu mfalme alikuwa na mipaka, ingawa haikuandikwa. Utawala wa machifu uliondolewa kwa sheria mwaka 1963. Mimi naona likizo hii tuwaulize wazee, tuandike. Hati ya Waingereza imetunzwa. Yetu imo vichwani mwa wazee, nao wanatutoka.