Siri ya mchezo sawa, siri ya mshahara hapana



Kampuni inakupatia mchezo wa video wenye haujatoka, uucheze na uonyeshe makosa yake. Mbele ya kuanza unasinya karatasi: hakuna kupiga picha, hakuna kuelezea mtu. Ile hatuikatae. Mwenye kutengeneza mchezo ana haki wasimuibie wazo mbele ufike sokoni.

Shida inaanza wakati siri inafunika mambo yako wewe: makuta unalipwa, saa unafanya, ugonjwa kazi imekuletea.

Tuangalie jirani. Kule Nairobi, Daniel Motaung alichuja picha na video mbaya za Facebook kwa kampuni Sama. Alisinya siri. Mwaka wa 2019 alifukuzwa, kisha kuunganisha wenzake wadai haki. Mwaka wa 2022 alisema waziwazi na akashitaki Sama pamoja na Meta. Mwaka wa 2023, wengine zaidi ya 180 wakaenda mahakamani.

Tunajua njaa. Kijana bila kazi ni nguvu akatae dola 5 juu ya karatasi moja. Ndiyo maana tunadai pamoja:

- karatasi iandikwe kwa luga tunasikia, na tubakie na kopi;
- siri iishe siku mchezo unatoka;
- malipo, afya na usalama visiingie kwenye siri.

Usisinye chenye hujasoma. Mchezo ni wao, haki ni yetu.