Tela Isiyo na Breki Huongeza Nafasi, Haiongezi Uwezo

MIZANI YA WIKI
Na Rashidi Mkomwa

Mwenye chombo cha magurudumu matatu ambaye mizigo ya wateja wake imeanza kuzidi nafasi aliyo nayo huwa na njia tatu mbele yake: kuongeza safari, kununua chombo kikubwa zaidi, au kufunga nyuma tela, yaani bodi isiyo na injini iliyokaa juu ya ekseli moja yenye magurudumu mawili. Njia ya tatu ndiyo nafuu kwa fedha, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoamuliwa kwa haraka, mara nyingi kwa kumtajia fundi wa kuchomelea urefu na upana unaotakiwa na kumwachia mengine yote. Safu hii inashikilia kwamba uamuzi wa namna hiyo umeanzia mahali pasipofaa, kwa kuwa swali la kwanza kuhusu tela si mzigo kiasi gani utaenea ndani yake, wala injini itaweza kuvuta kiasi gani, bali ni uzito gani ambao breki za chombo kinachovuta zitaweza kuusimamisha kwenye mteremko wakati lami imelowa.

Kuvuta na kusimamisha ni kazi mbili zisizolingana. Injini ya bajaji, ambayo kwa kawaida huwa na ukubwa wa cc 200 hivi, hupitisha nguvu yake katika gia, na gia ya kwanza huizidisha nguvu hiyo kiasi cha kuondosha hata mzigo mzito, ingawa kwa mwendo wa polepole na kwa gharama ya klachi. Lakini breki hazina gia ya kuzizidishia nguvu, na ingawa injini iliyowekwa gia ndogo husaidia kuzuia mwendo kwenye mteremko, haiwezi kushika nafasi ya breki pale mtoto anapokatiza barabara ghafla. Bajaji tupu ina uzito wa kilo 350 hivi, na ikiwa na dereva pamoja na abiria watatu wa kilo 70 kila mmoja hufikia kilo 630, uzito ambao breki zake zimekusudiwa kuumudu. Ikifungwa nyuma yake tela ya kilo 300 isiyo na breki, breki zilezile zinatakiwa sasa kusimamisha kilo 930, na umbali wa kusimama huongezeka hadi karibu mara moja na nusu ya ule wa awali. Mwendo nao huongeza tatizo kwa namna ambayo madereva wengi huipuuza, kwani nishati ambayo breki hulazimika kuimaliza hukua kwa mraba wa mwendo, kwa maana kwamba chombo kilichotoka kilomita 30 hadi 60 kwa saa huhitaji kazi ya kusimamisha mara nne, si mara mbili.

Kutokana na hesabu hiyo inapatikana kanuni ambayo safu hii inapendekeza iwe msingi wa uchaguzi wote: uzito wote wa tela, pamoja na mzigo wake, uhesabiwe ndani ya kikomo cha uzito alichokiweka mtengenezaji wa chombo, si juu yake. Bajaji ya mfano uliotolewa, ikiendeshwa na dereva peke yake bila abiria, inabakiwa na kilo 210 kwa ajili ya tela na vilivyomo. Guta, ambalo ni pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu yenye bodi yake nyuma, litafuata hesabu hiyohiyo kwa kikomo chake, ambacho ni kikubwa zaidi. Anayeikubali kanuni hii hutambua mara moja kwamba tela inafaa kwa mzigo mwepesi unaochukua nafasi kubwa, na haifai kabisa kwa mzigo mzito unaokaa mahali padogo.

Wapo wafanyabiashara ambao kwao jambo hilo ni faida kamili. Mkodishaji wa viti na maturubai ya sherehe, mwoka mikate anayesambaza madukani, mshona magodoro, muuza vikapu na majamvi, pamoja na mfugaji wa mjini anayefuata majani ya ng'ombe pembezoni mwa mji, wote hao husumbuliwa na ukosefu wa nafasi kabla ya kusumbuliwa na uzito, na tela iliyotengenezwa vizuri inaweza kuwapunguzia safari za kutwa nzima. Kwa muuza saruji hali ni kinyume, kwa sababu mifuko minne ya kilo 50 inamaliza karibu kiasi chote cha bajaji kabla tela yenyewe haijapimwa. Muuza mchanga yumo katika hatari kubwa zaidi, kwani bodi ya urefu wa mita 1.2, upana wa sentimita 90 na kina cha sentimita 50, ambayo kwa macho ni ndogo, hubeba zaidi ya nusu ya mita ya ujazo, na mchanga mbichi unaoijaza hukaribia tani moja. Kadhalika magunia ya lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo imekuwa ikiyapiga vita kwa sababu huzidi kilo 100 zinazoruhusiwa, yasipewe nafasi kwenye tela ya aina hii hata siku moja, maana dereva anayepakia gunia asilojua uzito wake amekwisha kuiacha hesabu yote.

Uzito wa tela tupu nao unastahili kuangaliwa kwa makini kuliko unavyoangaliwa sasa. Fundi anayejali sifa ya kazi yake hupenda chuma kinene, naye hana kosa kwa mtazamo wa uimara, lakini kila kilo ya chuma ni kilo iliyoondolewa kwenye mzigo. Bodi ya vipimo vilivyotajwa, ikitengenezwa kwa bati la chuma la milimita 2 chini na pande zote nne, ina kilo 50 za bati peke yake. Bati likiwa la milimita 3 huwa kilo 75. Na fremu, ekseli na magurudumu huweza kuongeza kilo 70 nyingine. Sakafu ya plaiwudi, pande za wavu wa chuma na fremu ya mabomba membamba ya mraba huweza kuishusha tela nzima hadi kilo 65 hivi, na hapo bajaji inabakiwa na takriban kilo 145 za mzigo halisi, ambazo zinatosha viti hamsini vya plastiki vya kilo mbili na nusu kila kimoja pamoja na kamba za kuvifungia.

Baada ya uzito huja mahali pa kuuweka. Tela ya ekseli moja ina kile kinachoweza kuitwa uzito wa shingoni, yaani sehemu ya uzito inayokandamiza kiungo cha mbele badala ya kubebwa na magurudumu ya tela, kama ilivyo kwa mkokoteni wa ng'ombe, ambao ukipakiwa mbele sana huwaumiza wanyama na ukipakiwa nyuma sana huinua nira. Kiasi kinachofaa ni karibu asilimia 10 ya uzito wote wa tela, na hupimwa kwa urahisi kwa kuegemeza mkono wa tela iliyopakiwa juu ya mizani ya kupimia watu, kwa kimo kilekile cha kiungo. Uzito huo ukiwa mdogo mno, tela huanza kuyumba kushoto na kulia mwendo unapoongezeka, na myumbo huo, ukishaanza, hukua wenyewe hadi kumnyang'anya dereva uongozi wa chombo. Ukizidi, gurudumu la mbele la bajaji, ambalo liko peke yake na ndilo linaloelekeza chombo, hupungukiwa na uzito na kushika barabara kwa ulegevu, kwa sababu kiungo kiko nyuma ya ekseli ya nyuma na hufanya kazi ya wenzo. Kilo 25 zinazokandamiza sentimita 40 nyuma ya ekseli, katika chombo chenye mita 2 kati ya gurudumu la mbele na yale ya nyuma, huliondolea gurudumu la mbele kilo 5, kiasi kinachovumilika. Kilo 80 huliondolea kilo 16, na barabara ya mashimo hukizidisha kiasi hicho kila tela inaporuka.

Umbo lenyewe la chombo cha magurudumu matatu linadai tahadhari ya pekee kwenye kona. Chombo hicho husimama juu ya pembetatu, na dereva anapofunga breki katikati ya kona, tela husukuma kutoka nyuma kwa upande, kuelekea ule mstari kati ya gurudumu la mbele na gurudumu la nje la nyuma ambao chombo hupindukia. Kwenye barabara ya kona nyingi kama ile ipandayo kutoka Mombo kwenda Lushoto, kushuka na tela isiyo na breki ni jambo ambalo safu hii haiwezi kulishauri kwa mzigo wowote.

Kiungo chenyewe kifungwe kwa bolti kwenye chasi, kamwe kisichomelewe kwenye bampa au kwenye bati la mwili; na kwa kuwa bajaji ina injini nyuma na mwili wa bati jembamba, guta lenye fremu imara hupokea tela kwa usalama mkubwa zaidi. Nondo iliyopindwa kuwa ndoano huacha mchezo unaogeuka kuwa mishtuko kila dereva anapobadili gia, ilhali mpira wa chuma, ambao kwa kawaida una kipenyo cha milimita 50, huiruhusu tela kugeuka kila upande bila kugonga. Mnyororo wa usalama, taa za breki na za kuashiria kona, pamoja na viakisi mwanga, havina mjadala. Magurudumu yawe ya ukubwa wa 4.00-8, yaleyale ya bajaji, ili spea moja itoshe kwa vyote viwili. Ya toroli hayakutengenezwa kwa mwendo wa barabarani.

Limebaki suala la sheria, ambamo mnunuzi hutangatanga. Uingereza, kwa pikipiki ya magurudumu mawili, imeweka vipimo vinavyoeleweka na kila mtu: tela iliyopakiwa isizidi kilo 150 au theluthi mbili za uzito wa pikipiki, kwa kuangalia kilicho kidogo, na upana wake usizidi mita 1. Tanzania ina taasisi zinazoweza kutoa mwongozo ulio wazi kama huo kwa bajaji na guta. LATRA husimamia usafiri wa ardhini, TBS huweka viwango vya ubora, SIDO imekuwa ikiwahudumia wenye viwanda vidogo tangu mwaka 1973, na CAMARTEC ya Arusha ilianzishwa mwaka 1981 kwa ajili ya zana za kilimo na teknolojia ya vijijini. Mchoro mmoja wa tela nyepesi, uliojaribiwa na kugawiwa bure kwa mafundi wa kuchomelea, pamoja na sharti la kila tela kuwa na kibati chenye uzito wake ikiwa tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa, vingewafaa madereva kuliko operesheni za kukamata vyombo barabarani. Mpaka hapo, anayetaka kununua aulize LATRA na kikosi cha usalama barabarani kama leseni yake ya abiria inamruhusu kuvuta mzigo, amuulize wakala wake wa bima swali hilohilo, na kabla ya kulipa aipeleke tela tupu kwenye mizani ya mfanyabiashara wa nafaka.