GARI LA DAWA LISIWE LA MAONYESHO

Sisi wa visiwani tuna ada ya kuutazama mji wa Dar es Salaam kutoka bandarini na Kariakoo, tunakonunua bidhaa, tukadhani kwamba mji wote ni maghorofa na taa. Amma mwenye kupita Mbagala na Kongowe, akaendelea mpaka Kimbiji na Pembamnazi, huona mji mwengine: mihogo, minazi, ngarawa, vumbi la kiangazi na tope la masika. Hizo zilikuwa pembe za Temeke kabla ya Kigamboni kufanywa wilaya. Huko nako wako ndugu zetu wa Unguja na Pemba, kwa hivyo asitwambie mtu kwamba afya si jambo la Muungano na kwamba haya hayatuhusu.

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu mkoani humo watu 5,383,728. Hospitali kubwa ambazo kila mtu anazijua, Muhimbili, Amana, Mwananyamala na Temeke, zimo katika mitaa ya zamani, na maskini kila siku husukumwa mbali nayo. Baada ya mafuriko ya Disemba 2011, Serikali yenyewe iliwachukua watu wa bonde la Msimbazi ikawapeleka Mabwepande, ukingoni mwa Kinondoni. Mtu akihamishwa kwa amri, je, haki yake ya kutibiwa haihami pamoja naye?

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inasema mzee wa miaka 60 asiyejiweza atibiwe bure. Ni sera njema, wala hatuipingi. Lakini bure hiyo huanzia dirishani. Kabla ya dirisha kuna bodaboda, kuna daladala mbili, kuna kijana wa kumshika mkono mzee ambaye siku hiyo hapati kibarua. Na jioni safari ni ile ile.

Ndipo husemwa kwamba lipo gari la matibabu linalowafuata watu. Kweli, tumeliona. Lilikuja na turubai, mabango na mpiga picha. Bibi mmoja alipimwa, akaambiwa ana presha, akapewa vidonge vya siku chache. Vidonge vikesha, gari halikurudi. Presha na sukari ni maradhi ya umri mzima. Kifua kikuu dawa zake ni za miezi sita. Chanjo ya mtoto ina tarehe zake. Sisi wauza duka twajua kwamba mchuuzi wa gulio hupata wateja kwa sababu siku yake inajulikana. Akija leo, kisha akapotea miezi mitano, nani atamngoja?

Wala tusiambiwe kwamba haiwezekani. Tangu mwaka 2022 Serikali imekuwa ikiueneza nchi nzima mpango wa m-mama: mja mzito aliyepatwa na dharura hupigiwa namba 115, na pasipokuwa na gari la wagonjwa huitwa dereva wa mtaani, naye hulipwa ujira wake. Tunausifu mpango huu, ijapokuwa sisi ni wapinzani, maana umeonyesha kwamba palipo na nia gari hufika. Mbona basi mwenye maradhi ya kudumu abaki akingojea sherehe?

Tunayoyataka si makubwa. Muuguzi wa zahanati iliyo karibu na mkoba wake, siku moja maalumu katika kila mwezi, na tarehe hizo zibandikwe mwaka mzima msikitini, kanisani na kwenye ofisi ya serikali ya mtaa. Daftari la wagonjwa libaki kwa wahudumu wa afya wa mtaa huo, lisiondoke na gari. Vidonge vitolewe vya kufikisha ziara ijayo. Na gari lisifanywe kisingizio cha kutojenga zahanati, kwani uchungu wa uzazi hausubiri ratiba.

Madiwani wa Temeke, Kigamboni na Kinondoni watakapokaa kupitisha bajeti, na waulizwe hadharani: tarehe ziko wapi, na mafuta ya gari yametengewa shilingi ngapi?