Samadi ya Choma Isipotee Bure

Choma, wilayani Igunga, ni nchi ya ng'ombe. Kila asubuhi mazizi hufunguliwa, mifugo huenda malishoni, na samadi ya usiku kucha hubaki ikikauka juani. Wakati huo huo akina mama hufunga safari ya kutafuta kuni.

Samadi hiyo ni nishati. Shirika la Viwanda Vidogo Vidogo (SIDO) lilianza kujenga mitambo ya gesi ya samadi nchini katika miaka ya 1970, na CAMARTEC ya Arusha ikaendeleza kazi hiyo katika miaka ya 1980. Kilo 40 za samadi mbichi, ambazo zizi la ng'ombe kumi hivi laweza kutoa kwa usiku mmoja, zatosha kuipikia kaya kwa siku nzima.

Hata hivyo, ni kosa kudai kwamba gesi hiyo ni ya bure. Saruji hununuliwa, fundi hulipwa, na kilo 40 za samadi huhitaji lita 40 za maji, yaani ndoo mbili kila siku. Wakati wa kiangazi, ndoo hizo hubebwa na mama yule yule aliyekusudiwa kupunguziwa mzigo wa kuni.

Kwa hiyo hesabu ikamilishwe. Mtambo ujengwe karibu na maji; mkopo wake ulipwe msimu wa mavuno; na tope litokalo mtamboni lipelekwe shambani, kwani mbolea hiyo nayo ni faida. Mabwana mifugo na walimu waifundishe hesabu hiyo kabla tofali la kwanza halijawekwa. Mtambo uliojengwa bila hesabu hugeuka gofu.